Manu Dibango: mtu wa jazz au mtu wa makossa? Wana Tanga tujadili

#1 Kijana wa Barabara ya 12

Wakuu, salamu. Pale kahawani Ngamiani kuna ubishi umegoma kuisha, nimeona niulete huku kwenye wenye masikio. Msimamo wangu ni huu: Manu Dibango alikuwa mpiga jazz. Makossa, ule muziki wa mitaani wa Douala, aliipitia njiani, ikamganda jina.

Hoja zangu. Kazaliwa Douala, Kamerun, tarehe 12 Desemba 1933. Mwaka 1949, ana miaka 15, baba yake kampandisha meli kwenda kusoma Ufaransa, mkononi ana kilo tatu za kahawa za kuwapa watakaomlaza na kumlisha. Umri ule ambao mtoto wa kiume anaanza kuzijua ngoma za kwao sawasawa, yeye yuko mji mdogo wa Wafaransa anajifunza piano. Aliyemfungulia mlango wa jazz ni Mkamerun mwenzake, Francis Bebey, lakini wako huko huko Ufaransa. Saksafoni kaishika huko huko. Mtihani wa mwisho wa shule ukamshinda, baba akakata pesa za matumizi, mwaka 1956 akahamia Brussels kutafuta riziki kwenye kumbi za usiku.

Sasa kila akitajwa tunaambiwa "alichanganya jazz na muziki wa asili". Huo wa asili aliuchota lini na kwa nani?

Na swali la pili linatuhusu sisi wenyewe. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz, ulikuwa na Jamhuri Jazz. Jazz kila kona. Mbona hatukutoa mpulizaji hata mmoja ambaye dunia ilimjua kwa kuchanganya saksafoni na ngoma zetu?

#2 Mzigua wa Handeni

Mleta mada, Manu si Mkongo yule? Kapiga African Jazz, bendi ya Kikongo ya Kabasele, ndiye Kale Jeff. Nyimbo zote za Kale Jeff ule mdomo wa bata, yaani saksafoni, ni wake.

#3 BintiChuda

@Mzigua, si Mkongo. Baba yake Myabassi, mama yake Mduala, wote wa Kamerun. Kabasele alikutana naye Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wa Kongo wako kule kwenye mazungumzo ya uhuru, na mwaka uliofuata akamfuata Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Na si nyimbo zote, African Jazz ilianza 1953. Manu kaikuta bendi imeshakomaa.

#4 Mpulizaji Mstaafu

Nimepuliza mdomo wa bata kwenye dansi miaka mingi, Tanga na Dar. Nimeuweka chini kwa sababu ya meno tu, mapafu bado yapo.

Kijana wa Barabara ya 12, hesabu yako imeiruka miaka mizito kuliko yote, ile ya Léopoldville. Ukipiga ndani ya bendi ya Kabasele hupigi kama Brussels. Brussels mpulizaji akipewa nafasi anaonyesha alichonacho, anapanda, anashuka, anakimbia, na watu wamekaa kwenye viti wanamsikiliza. Bendi ya Kikongo haina nafasi hiyo. Waimbaji wakimaliza ubeti, gitaa la solo limeshatengeneza njia, wewe unaingia na sentensi fupi. Unairudia. Unaigeuza mkia kidogo, unairudia tena. Watu wanacheza. Ukileta maneno mengi, ukumbi unasimama na mwenye bendi anakutazama vibaya.

Sasa iwekeni ile Soul Makossa, wimbo wake uliovuma, msikilize saksafoni peke yake. Kipande kifupi, kinarudi, kinabishana na bezi, kinaondoka, kinarudi. Hiyo hakuisoma Ufaransa. Alipofika Léopoldville alikuwa mpiga jazz kijana mwenye kiu ya kujionyesha, akatoka anajua kunyamaza. Huko huko alirekodi Twist à Léo mwaka 1962 na kufungua klabu yake. Tusiseme alipita tu.

#5 Mwana wa Kimanumanu

Huyu Manu jina tu linatosha. Ni wetu, Wana Kimanumanu wa African Sports! Watu wa Coastal Union kaeni pembeni, uzi huu hauwahusu 😂

#6 Mangush Damu

#5 Mlishuka daraja mkapotea, leo mnatafuta wachezaji Kamerun. Ubingwa wa 1988 upo kabatini, njooni muuone kwa macho.

#7 BintiChuda

Jamani mpira una jukwaa lake.

Narudi kwenye mada. Shikamoo mzee Mpulizaji. Naheshimu hoja ya Kongo, ila mimi naona jibu lipo nyuma zaidi, lipo kanisani. Wazazi wake wote wawili walikuwa Waprotestanti na mama yake alikuwa fundi cherehani. Mtoto yule kaimba kwaya kabla hajajua kama kuna kitu kinaitwa jazz, na nyimbo zile za wamisionari zilikuwa zinaimbwa Kiduala, na watu wenye koo za Kiduala. Muziki wa Ulaya ulioingia mdomoni mwa Waafrika ukageuka. Huo mchanganyiko aliupata bure, hana hata miaka kumi. Kwa hiyo mleta mada ukiuliza "wa asili aliuchota lini", jibu ni kabla ya meli.

Sisi wa Tanga tunaijua hali hiyo. Nendeni Lushoto au Bumbuli Jumapili msikilize matarumbeta ya Walutheri. Wimbo ni wa Kijerumani, kitabu ni cha Kijerumani, lakini ule mwendo wanaoutembea nao wakishatoka nje ya kanisa ni wa Kisambaa kabisa. Hakuna aliyekaa mezani akapanga "sasa tuchanganye".

#8 Mpulizaji Mstaafu

Marahaba binti. Umenena. Ila kwaya inakupa wimbo, haikupi kazi ya kuupanga wimbo ukae kwenye bendi ya watu kumi wenye vyombo vya umeme. Kwa hilo bado nakaa Léopoldville.

#9 Fundi Redio Makorora

Wakuu mnazungumzia Soul Makossa kama vile aliitunga kwa kupanga maisha. Ile ilikuwa upande wa pili wa santuri! Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa kuisherehekea Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Kamerun mwaka 1975. Wimbo wa mpira ndio waliolipia. Makossa kaweka nyuma ili santuri isiwe na upande mtupu.

Kisha santuri chache zikafika New York, dijei mmoja, David Mancuso, akaipata kwenye duka la watu wa Karibiani kule Brooklyn, akawa anaipiga kwenye hafla zake. Ikaenea mjini kwa namna hiyo. Santuri zikaisha, watu wanazitafuta hawazioni, vikundi vingine vikarekodi za kuiga haraka haraka, mpaka kampuni ya Atlantic ikainunua haki na kuitoa rasmi. Ikafika nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya Marekani. Wimbo wa Mwafrika, nusu yake Kiduala, mwaka 1973!

Kwa hiyo nani alichanganya? Mimi nasema waliochanganya ni wachezaji wa New York. Wao ndio waliochagua upande upi wa santuri uishi.

#10 Mangush Damu

#9 Fundi, fainali zile ni 1972, si 1975. Na Kamerun hawakuchukua. Walifungwa 1-0 na Kongo Brazzaville nusu fainali, nyumbani kwao. Kongo wakawapiga Mali 3-2 fainali. Kamerun akaambulia nafasi ya tatu. Wimbo wa ushindi ukabaki bila ushindi, nadhani ndiyo sababu watu wakageuza santuri.

#11 Fundi Redio Makorora

1972, sawa. Na hoja ya kugeuza santuri naichukua, ina mantiki 😂

#12 Wakili wa Pongwe

Nimesoma kimya kimya toka jana, nilisubiri mtu aguse jambo la malipo hakuna. Ile "mama-ko mama-sa maka-makossa" mnaijua wote kupitia Michael Jackson, kwenye albamu yake ya 1982. Haikuombwa ruhusa. Manu alidai, wakamalizana nje ya mahakama. Miaka 25 baadaye, 2007, Rihanna naye akaitumia, ruhusa imeombwa kwa Jackson badala ya mwenye mali. Manu akaenda mahakamani Paris, mwaka 2009 shauri likatupwa, kwa sababu mwanzo alikuwa amekubali jina lake liandikwe kwenye matoleo ya Ufaransa na kuondoa madai. Kisheria alikuwa ameshajifungia mlango.

Nalileta hili kwa sababu mleta mada anauliza nani alichukua kwa nani. Makossa ilikuwa ya watu wa Douala mtaani kabla ya Manu. Yeye akaiweka saksafoni na mdundo wa Kimarekani, Mmarekani akamega kipande, Mbarbados akamega kwa Mmarekani. Kila anayechanganya kuna mtu nyuma yake hajalipwa. Wacheza makossa wa mitaani Douala nani aliwalipa?

#13 Kijana wa Barabara ya 12

Wakili, hapo umenipa kitu cha kufikiria. Ila hujajibu swali. Nasubiri mtu anionyeshe mpulizaji aliyeanzia ngomani kisha akaiendea saksafoni, si huyu aliyetoka Paris kwenda kijijini.

#14 Msafiri wa Majani Mapana

Nakuonyesha. Getatchew Mekurya, wa Ethiopia.

Huyu kazaliwa 1935. Vyombo vyake vya mwanzo ni krar na masinko, vya nyuzi, vya kwao. Klarineti na saksafoni vimekuja baadaye. Mwaka 1948 yumo kwenye bendi ya manispaa ya Addis Ababa, kijana mdogo kabisa. 1955 kaingia bendi ya ukumbi wa Haile Selassie. 1965 kahamia bendi ya polisi. Maisha yake yote ya kazi ni mshahara wa Addis, hakuna Paris, hakuna Brussels.

Sasa alichofanya. Waethiopia wana kitu kinaitwa shilela, ni majigambo ya askari kabla ya vita. Mtu anasimama mbele, anapaza sauti, anatamba, anatetemesha koo, anaita ukoo wake, anamtisha adui ambaye bado hajaonekana. Hakuna ngoma ya kuhesabu, ni pumzi na hasira. Getatchew akaichukua sauti ile yote akaitia kwenye saksafoni. Anapiga jukwaani amevaa vazi la shujaa na manyoya ya simba kichwani. Saksafoni inalia, inakatika, inatetemeka, inapasuka sauti. Wazungu walipokuja kuisikia wakasema huyu anafanana na wapigaji wa jazz huru wa Marekani, akina Ornette Coleman na Albert Ayler. Lakini yeye alianza mambo hayo miaka ya hamsini, kabla Wamarekani hao hawajajulikana, na hakuwa anawafuata wala kuwajua. Alikuwa anamfuata mtu wa majigambo wa kwao.

Uzeeni, mwaka 2006, karekodi albamu na The Ex, bendi ya Uholanzi ya magitaa makali, akazunguka nao Ulaya akiwa na miaka sabini. Kafariki Aprili 2016.

Kijana wa Barabara ya 12, huyo ndiye uliyemtaka. Hakuchanganya jazz na asili. Kapiga asili, watu wa jazz wakajikuta humo.

#15 Kijana wa Barabara ya 12

Nimemsikiliza toka asubuhi. Nywele zimesimama. Asante sana mkuu.

Hapo ndipo tofauti inaonekana. Getatchew saksafoni yake ina ukali wa mtu anayelinda boma. Manu saksafoni yake inacheka. Hata akicheka vizuri, mimi nasikia mtu wa mjini.

#16 Mpulizaji Mstaafu

Kucheka si dhambi, kijana. Douala nao ni mji, bandari kama Tanga. Watu wa bandari muziki wao ndio huo, una mgeni ndani yake toka zamani. Ukitaka muziki wa pwani usio na mgeni utautafuta mpaka kaburini.

#17 Afande Mstaafu Mabawa

Mmeipita post #14 haraka, rudini muitazame tena. Bendi ya manispaa. Bendi ya ukumbi wa serikali. Bendi ya polisi. Mnaona? Saksafoni ya Getatchew ilinunuliwa na nani? Na mshahara wake alilipwa na nani mwezi ambao hakuna hafla?

Hilo ndilo jibu la swali la pili la mleta mada. Saksafoni ni chombo cha gharama. Gitaa mtu ananunua la mkono wa pili, anakaza nyuzi, anaishi. Saksafoni ina vifuniko, springi, ngozi za ndani, mwanzi wa kubadilisha kila mara. Hapa kwetu waliokuwa wanamiliki vyombo vya kupuliza ni taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, tangu 1964. Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi, Kimulimuli ya JKT. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya shirika la bima. Mlimani Park iliingia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar. Zote Dar es Salaam! Mpulizaji wa Tanga akiiva kidogo anapanda basi. Anayebaki anapiga chombo cha kuazima, siku ya hafla tu, hana cha kufanyia mazoezi nyumbani. Kipaji gani kitakomaa hivyo?

Kisha miaka ya tisini mashirika yakaacha bendi, kinanda cha umeme kikaingia, kibonyezo kimoja kinatoa sauti ya tarumbeta tatu. Mwenye bendi akapiga hesabu ya mishahara. Wapulizaji ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike.

#18 Mpulizaji Mstaafu

Afande amesema kweli tupu, na mimi ni mmoja wa walioambiwa wapumzike, kwenye bendi nisiyotaka kuitaja. Naongeza la hewa. Chumvi ya hapa kwetu inakula springi. Unaamka, funguo ya sol diyezi haifungi, jioni una shughuli. Tulikuwa tunafunga mpira wa bendi ile ya kufungia noti, funguo inarudi mahali pake, usiku unapita. Ngozi za vifuniko zikinyonya unyevu hewa inavuja, sauti za chini hazitoki kabisa, unazikwepa wimbo mzima kana kwamba umependa.

#19 Mdigo wa Mwarongo

Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyetaja zumari. Watu wa pwani tumekuwa na chombo cha kupuliza chenye ulimi wa miaa, kinalia kuliko saksafoni, tangu mababu. Mpulizaji wake hapumziki, mashavu yanasukuma hewa huku pua inavuta, wimbo haukatiki mpaka wachezaji wachoke. Mngetaka saksafoni ya Kitanga mngemwekea mpiga zumari saksafoni mkononi. Lakini vijana wa mjini waliona zumari ni ya harusi za vijijini, wakakimbilia santuri za Kikongo. Mzee Mpulizaji, nisamehe kwa kusema, ila nyinyi mlijifunza Kongo mkaiacha Mkinga.

#20 Mpulizaji Mstaafu

Hujanikosea, mwanangu. Tulikuwa tunalipwa na wacheza dansi, na mcheza dansi alikuja ukumbini na wimbo wa Kikongo kichwani. Ungempigia zumari angedai kiingilio chake.

#21 Mwanachuo Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, habari wengine. Nimesoma chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, ngoma na vyombo vya asili, kisha nikaingia kwenye vyombo vya kupuliza. Naongeza la kiufundi, maana nadhani #14 na #19 wanazungumza jambo moja.

Vyombo vyetu vingi havijapangwa kama piano. Mchukueni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha pale Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na sauti yake zinafuata ngazi ya asili ya sauti, ile inayotoka kwenye ubao au uzi wenyewe. Ukimwekea kinanda pembeni, kuna sauti zinagombana, na anayelazimishwa kuhama siku zote ni ilimba. Gitaa nalo lina vipingo, vimekaa pale vilipo.

Saksafoni haiko hivyo. Funguo zinakupa njia ya karibu, lakini mdomo na koo ndivyo vinavyoamua. Unaweza kuishusha sauti ikae katikati, pale ambapo piano haina kibao. Unaweza kuianza chini ukaikokota. Unaweza kuimba kwa koo huku unapuliza, sauti ikakwaruza. Getatchew anafanya hayo yote. Kwa hiyo si ajabu kwamba bara zima waliotaka kuunganisha jazz na kwao walikimbilia chombo hiki. Kippie Moeketsi Johannesburg, Manu Douala, Fela Lagos, Getatchew Addis. Mimi naona sababu si kanisa wala Kongo wala New York. Ni chombo chenyewe kinakubali.

#22 Fundi Redio Makorora

Mwanachuo, Fela mtoe. Kule London alisomea tarumbeta. Saksafoni kaichukua ukubwani, miaka ya sabini, baada ya mpulizaji wake Igo Chico kuondoka. Kaishika kwa kuwa nafasi iko wazi na jeuri haikumruhusu kumwomba mtu.

#23 Mwanachuo Bagamoyo

#22 Ndiyo, na angalia alivyoishika. Hakufuata usanifu wa vidole, kafuata kupiga kelele na kuimba. Chombo kingine kingemkataa kwa muda mfupi vile.

#24 Mpulizaji Mstaafu

Mwanachuo, umesoma vizuri ila usiwadanganye watu kwamba mdomo unafanya kila kitu. Mdomo unashusha kidogo, ukizidisha sauti inakufa. Nyingine unaitafuta kwa vidole, unafunga funguo za chini wakati unapiga ya juu. Miaka inapita kabla hujaijua. Na jibu lako halimwelezi Manu, maana Manu hakuwa anapinda sauti kiasi hicho. Alipiga safi. Uafrika wake uko kwenye mdundo na kwenye pale anaponyamaza.

#25 Mama Mwanahawa Muheza

Nyinyi wanaume mmekazana na saksafoni mpaka mmesahau mko mji gani.

Tanga ilichanganya, na dunia ya Waswahili yote iliisikia. Black Star. Lucky Star. Taarabu ilikuwa ya nai, ganuni na fidla, ya kukaa na kutikisa kichwa. Vijana wa Tanga wakaitia gitaa la umeme na bezi, wakaiingizia mdundo wa dansi na wa ngoma zetu, na Bi Shakila akaimba juu yake. Mombasa wakaiga, Dar wakaiga. Hiyo modern taarabu mnayoichezea leo mizizi yake ni hapa. Kijana wa Barabara ya 12, unauliza kwa nini Tanga haikutoa Manu Dibango, wakati sisi tulitoa Shakila. Koo la mwanamke halihitaji ngozi za vifuniko.

#26 BintiChuda

Mama, mikono juu. Hiyo post ibandikwe ukutani.

#27 Wakili wa Pongwe

Na ndiyo yale yale ya post #12. Nani alilipwa Dar walipoiga?

#28 Kijana wa Barabara ya 12

Mama Mwanahawa, shikamoo. Nakubali Black Star na Lucky Star walifanya kazi kubwa. Ila swali langu ni la jazz. Kwenye taarabu maneno ndiyo mfalme, chombo kinamtumikia mwimbaji. Kwa Manu na Getatchew chombo ndicho kinachosema, hakuna anayesubiri ubeti. Kile sijakiona Tanga.

#29 Mama Mwanahawa Muheza

Marahaba. Hujakiona kwa sababu watu wa pwani tunapenda maneno. Chombo kisichosema neno tutakiuliza, "sasa wewe unatakaje?"

#30 Msafiri wa Majani Mapana

Nirudi kwa Manu kidogo, maana kuna kitu hamjakitaja kinachomvuruga kila mtu humu. Hakuwa mpiga saksafoni peke yake. Kapiga piano, ogani, marimba, vibrafoni. Katumbuiza na Fania All-Stars, wale wa salsa, New York. Toka 1975 kaongoza bendi ya redio na televisheni ya Ivory Coast kwa miaka kadhaa. Kaenda Jamaika kurekodi na Sly na Robbie, wapigaji wa rege. 1985 yuko na Herbie Hancock, mpiga piano wa jazz wa Marekani, na mashine za umeme. 1994 kakusanya waimbaji wa Afrika nzima kwenye albamu moja. Kila tukimfunga kamba, mara jazz, mara makossa, mara Kongo, yeye ameshahama.

Mimi naona tatizo liko kwetu. Tunataka mtu awe na nyumba moja. Yule aliondoka kwao ana miaka 15, akawa mgeni Ufaransa, akarudi Douala 1963 akafungua klabu, vita na amri ya kutotoka usiku vikaimaliza, akarudi Paris na madeni. Mtu wa namna hiyo anajenga anapokaa.

#31 Afande Mstaafu Mabawa

Na mauti yakamkuta huko huko Ufaransa, 24 Machi 2020, korona, ana miaka 86. Alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri wa kwanza duniani kuondoka na ugonjwa ule. Hata mazishi ya kuwakusanya watu hayakuwezekana. Mtu aliyejaza kumbi miaka sitini.

#32 BintiChuda

Mungu ampumzishe.

#33 Kitoto cha Mikanjuni

Shikamooni wote. Nina miaka 19, napiga tarumbeta kwenye matarumbeta ya harusi, nataka kuhamia mdomo wa bata. Nani Tanga anafundisha? Nimeona ya mkono wa pili, ya Kichina, mwenyewe anasema haina tatizo.

#34 Mpulizaji Mstaafu

Marahaba. Usiinunue kabla sijaiona. Nenda nayo mahali penye giza, tia taa ndogo ndani ya bomba, funga vifuniko, ukiona mwanga unatoka ujue inavuja. Chukua alto, tena ni nyepesi shingoni. Mwanzi anza na namba mbili, usisikilize wanaokwambia mgumu ndiyo wa kiume. Mwezi wa kwanza sauti ndefu tu, hakuna wimbo. Njoo faragha nikupe namba, nakaa karibu na kwenu.

#35 Mdigo wa Mwarongo

Kijana, ukimaliza sauti ndefu za mzee njoo Mkinga nikupeleke kwa mpiga zumari. Bure.

#36 Mzigua wa Handeni

Wakuu, toka mlivyonisahihisha nimekaa kimya natafuta. Nauliza: Verckys je? Kiamuangana Mateta, saksafoni ya OK Jazz, katoka kwa Franco 1969 akaanzisha Orchestre Vévé yake. Huyu hakusomea Ulaya, hakuwa wa polisi, kapiga Kongo yake humo humo na kamiliki vyombo, studio na lebo mwenyewe. Kafariki 2022. Nadharia zenu zote, kanisa, mshahara wa serikali, Paris, ipi inamweleza Verckys?

#37 Mpulizaji Mstaafu

Hapo sasa. Verckys alipuliza kama mtu anayedai deni. Nipe mpaka jioni, niko shamba, nikirudi tutaanza naye upya.

#38 Mwana wa Kimanumanu

Na mimi nasubiri hiyo jioni. Mangush Damu, njoo na kombe lako la 1988 tuwekee kahawa.